Wameingia au Bado?

Ubao ulisoma 68 kwa 68 na saa ilikuwa imebakiza pumzi chache tu. Micah Simpson wa Alabama State alisimama nyuma ya mstari wa mwisho, akaurusha mpira kutoka huku mpaka kule, urefu wote wa uwanja, kama mtoto anayerusha jiwe mwembeni bila kuchagua embe. Mikono ikaruka. Mpira ukagongwa, ukaponyoka, ukamwangukia Amarr Knox, naye akausukumia kikapuni.

70 kwa 68.

Ukumbi mzima wa UD Arena ulisimama. Wengi wetu mle ndani hatukuwa na undugu na Alabama State wala na Saint Francis ya Pennsylvania. Sisi ni watu wa Dayton, Ohio, tumefuata mashindano haya ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani kwa sababu yameletwa mlangoni kwetu. Lakini tulipiga kelele kama wazazi waliopata matokeo mazuri ya Kidato cha Nne.

Mpwa wangu wa miaka 11 alinivuta koti.

"Mjomba, kwa hiyo sasa wameingia?"

"Wameingia wapi?"

"Kwenye mashindano."

Nikamwambia walishaingia tangu Jumapili, timu zilipotajwa. Akanikazia macho vile mama yake anavyonikazia nikisema niko njiani wakati bado niko kitandani.

"Kama walishaingia, hii ilikuwa mechi ya nini?"

Nikamnunulia bisi.

Hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Machi 2025. Naandika haya Aprili 2025 ikiishia, Florida wameshachukua kombe, na swali lile bado ninalo. Nimekwenda nalo ghalani kwenye shifti ya usiku, nimerudi nalo asubuhi kwenye basi. Wakubwa wa NCAA, chama kinachoendesha mashindano haya, wanapima kuongeza timu kutoka 68 hadi 72 au 76, na kila mtu anabishana kuhusu idadi.

Mtoto hakuuliza idadi.

## Chai ya barazani

Kwetu Tanga wageni hawalingani. Kuna anayepitishwa moja kwa moja sebuleni, na kuna anayewekewa kiti barazani. Wa barazani hajafukuzwa. Atapewa chai na kitumbua, ataulizwa hali za wazee. Lakini akishaondoka, ukiulizwa nani alikuja, utajibu, "Fulani alipita." Husemi aliingia.

First Four, yaani mechi nne za kufungulia, ndiyo baraza la mashindano haya. Timu nane zinaletwa hapa Dayton Jumanne na Jumatano, nne zinashinda na kukamilisha 64, halafu Alhamisi ndipo Marekani inapoacha kazi na kukodolea macho braketi zake, ile michoro ya nani atakutana na nani. Kati ya hizo nane, nne ni timu za mwisho kualikwa na kamati inayochagua timu. Nne nyingine ni mabingwa wa ligi ndogo.

Mabingwa, narudia. Wameshinda ligi yao, wamepanda ngazi na kukata nyavu kwa mkasi, wamelia mabegani mwa makocha wao, kisha wanaambiwa wasubiri barazani.

Katika pendekezo la timu 76, timu 52 zingepita moja kwa moja na 24 zingecheza mechi 12 za kugombea mlango. Wageni 24 barazani! Hapo si baraza tena, ni stendi ya mabasi.

## Nilianza upande wa ndiyo

Sitajifanya nilikuwa mpinzani tangu mwanzo.

Tarehe 24 Machi 2019 nilikuwa nimetoka shifti, nimelala ubavu, simu nimeiegemeza kwenye mto, naangalia Taifa Stars wakiifunga Uganda 3-0. Tulikuwa hatujafika AFCON tangu 1980. Tulimaliza wa pili kwenye kundi, nyuma ya Uganda haohao, tukaenda Misri kwa sababu CAF ilikuwa imeongeza timu kutoka 16 hadi 24. Kwa utaratibu wa zamani, nafasi ile ya pili ingetubakiza nyumbani karibu kwa hakika. Nilipiga ukelele dada akaja kugonga mlango akidhani kumeingia msiba.

Misri tulifungwa mechi zote tatu. Senegal, Kenya, Algeria. Kukawa na watu wa kusema, mnaona, haya ndiyo mnayoyataka mkifungua milango kwa kila mtu. Niliwachukia watu hao kwa dhati. Na mwaka huohuo Madagascar, wakiwa hapo kwa mara ya kwanza kabisa, waliifunga Nigeria 2-0 na kufika robo fainali.

Kwa hiyo niliposikia "76", moyo ulikubali kabla kichwa hakijaulizwa. Mimi ambaye nimepita kwa sababu mlango ulipanuliwa, nitakuwaje wa kwanza kuushika komeo?

## Maryland ya 1974

Historia nayo ilinipa nguvu. Mashindano yalianza 1939 kwa timu nane, na hadi katikati ya miaka ya 70 ligi ilipeleka timu moja tu. Machi 1974, Maryland na North Carolina State walikutana kwenye fainali ya ligi yao, ACC. Mechi ikaenda muda wa ziada, NC State wakashinda 103-100, wakaendelea mpaka wakachukua ubingwa wa taifa. Maryland, moja ya timu bora kabisa nchini mwaka ule, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata timu zikawa 32, na ligi ikaruhusiwa kupeleka zaidi ya moja.

Nani atasema walikosea?

Mwaka 1985 zikawa 64, na mwaka uleule Villanova, timu namba 8 (kamati huzipa timu namba 1 hadi 16 katika kila kanda, 1 ndiyo bora), ikaifunga Georgetown 66-64 kwenye fainali. Mpaka leo hakuna bingwa aliyeanza na namba ya chini kuliko hiyo. Mwaka 2010 kulikuwa na mpango mezani wa kufika 96 (ndiyo, 96), wakaishia 68 kuanzia 2011. Mwaka uleule VCU, waliopigiwa kelele na wachambuzi kwamba hawakustahili kualikwa, walianzia hapahapa Dayton. Wakaifunga USC, wakaendelea, wakaiondoa Kansas 71-61, wakatua nusu fainali.

Mara mbili hizo mlango ulipanuliwa, na mwaka uleule akapita mtu aliyewanyamazisha wenye shaka. Ningekuwa wakili wa 76, ningeyasema hayo kisha nikae.

## 16, 18, 16, 18

Usiku mmoja mwanzoni mwa Aprili mkanda wa mizigo ulikwama kazini. Tukiwa tunamsubiri fundi, nilikaa juu ya boksi nikaanza kuandika nyuma ya lebo. Ligi ya SEC ina timu 16. Big Ten ina 18. Big 12 ina 16 (majina ya ligi na hesabu za timu zilishaachana zamani, usiniulize). ACC ina 18.

Nikajumlisha.

68.

Nikajumlisha tena. Ligi nne peke yake, baada ya kunyang'anyana vyuo na kuiacha ligi ya Pac-12 ikiwa gofu, sasa zina timu za kutosha kujaza mashindano yote bila kumwita jirani hata mmoja.

Fundi alipofika sikumsikia.

Maryland ya 1974 walikuwa wa pili kwenye ligi yao, na walikosa kwa pointi tatu za muda wa ziada. Mwaka huu SEC wameingiza timu 14 kati ya 16, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa ligi yoyote. Texas walishinda mechi 6 na kupoteza 12 ndani ya ligi hiyo, na bado wakaalikwa. Walikuja Dayton Jumatano, Xavier wakawafunga 86-80. Na timu nne za kwanza zilizoachwa nje zilikuwa nani? West Virginia, Indiana, Ohio State na Boise State. Tatu ni za ligi zilezile nne. Ungeongeza viti vinne mwaka huu, wageni wako wapya ndio hao, na UC Irvine walioshinda 28 na kupoteza 6 bado wangekuwa nje wanachungulia dirishani.

Hapa nilitaka kupiga nukta, ila kuna jambo linalonikera. Mwaka jana, 2024, Indiana State nao walikuwa na 28 kwa 6, nao wakaachwa, na walikuwa miongoni mwa nne za kwanza kuachwa. Viti vinne tu vingetosha kumwona nyota wao Robbie Avila na miwani yake Alhamisi ile. Hilo linaitoboa hoja yangu na siwezi kuliziba. Ninachoweza ni kutaja watatu waliokuwa naye kwenye orodha hiyo: Oklahoma, Seton Hall, Pittsburgh. Kiti kimoja kwa chuo kidogo cha Terre Haute, vitatu kwa waliozoea kuketi.

Halafu kuna mechi ya pili ya usiku ule wa Knox. North Carolina dhidi ya San Diego State. North Carolina walikuwa wameshinda mechi moja kati ya 13 dhidi ya wapinzani wa kundi la juu, na mwenyekiti wa kamati inayochagua timu alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo hichohicho. Alitoka chumbani timu yake ilipojadiliwa, kama kanuni inavyotaka. Gavana wa West Virginia aliitisha waandishi wa habari kulalamika. Mimi nimekulia kwenye ligi za mtaani ambako mwenye kutoa mbuzi wa zawadi ana timu yake, kwa hiyo sikushtuka sana. Tena, tuwape haki yao, walishinda 95-68 na walicheza mpira mtamu.

## Watu wa kwetu

Kilichonileta kwenye mashindano haya ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3, anachezea Connecticut: ungeachaje kufuatilia? Machi 2008 timu yake, namba 4, ilitolewa mechi ya kwanza na San Diego, namba 13, kwa 70-69 katika muda wa ziada. Mwaka uliofuata walirudi na hasira, wakaipiga Chattanooga 103-47. Niliyasoma matokeo yale kesho yake kwenye intaneti kafe ya Kariakoo, nikacheka peke yangu mpaka mwenye kafe akaniangalia. Wakafika nusu fainali, na Juni ile Memphis wakamchukua Thabeet akiwa wa pili kwa wote waliosajiliwa NBA mwaka huo.

Leo kicheko kile kinanitia aibu kidogo. Chattanooga wale ndio waliotwaa kombe la NIT mwezi huu, mashindano ya walioachwa, kwa kuifunga UC Irvine 85-84.

Mara ya pili kuumia ilikuwa 2022. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo mwaka ule, alifunga pointi 30 na kuokota ribaundi 16, na Kentucky yake, namba 2, ikatolewa na Saint Peter's wa Jersey City, namba 15. Jirani yangu wa Lubumbashi hakuonekana nje kwa siku mbili. Alipotoka alisema tu, "Kaka, ile haiko timu. Iko ajali."

Kisha ajali ile ikazifunga Murray State na Purdue, ikawa namba 15 wa kwanza kufika nane bora.

San Diego na Saint Peter's waliingiaje? Hakuna kamati iliyowaalika. Kila mmoja alishinda ligi yake ndogo, akaja na kombe lake mkononi. Wote wawili walitutoa machozi, na wote wawili nawataka warudi kila mwaka.

Na kuna Fairleigh Dickinson wa 2023, ambao kila nikiwafikiria nachanganyikiwa upya. Msimu uliotangulia walishinda mechi 4, wakapoteza 22. Wakaleta kocha mpya kutoka daraja la pili. Kwenye fainali ya ligi yao walifungwa na Merrimack kwa pointi moja, lakini Merrimack walikuwa bado kwenye kipindi cha kupanda daraja na hawakuruhusiwa kwenda, kwa hiyo nafasi ikawaangukia wao. Wakaja Dayton, barazani. Wakashinda. Siku mbili baadaye, timu hiyo iliyokuwa fupi kuliko zote nchini ikaiondoa Purdue, namba 1, yenye Zach Edey wa futi 7 na inchi 4. 63-58. Kwa wanaume, lilikuwa tukio la pili tu la namba 16 kumtoa namba 1, baada ya UMBC kuifunga Virginia 2018. Kwa wanawake Harvard walishalifanya 1998, ila sisi huwa tunasahau kulitaja.

Hao si wa kualikwa wala hasa si mabingwa. Ni watu waliopita kwenye ufa. Lakini ufa wenyewe ulikuwa kwenye ukuta wa ligi ndogo, na ndio ukuta ambao mfumo wa 76 unausogeza nyuma. Kwenye baraza la watu 24, wa kwanza kusukumwa nje ya sebule ni mabingwa wenye namba 15 na 16. Kina Saint Peter's.

## Dada anatia neno

Dada yangu hapendi mpira. Siku nilipomweleza haya yote, akikuna nazi, hakuinua uso.

"Hao Alabama walishinda siku ile?"

"Walishinda."

"Walishawahi kushinda kabla?"

Hawajawahi. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika historia ya mashindano haya.

"Na wangepelekwa huko sebuleni kwako moja kwa moja?"

Wangekutana na Auburn, namba moja wa wote. Walipokutana nao Alhamisi walifungwa 83-63.

"Basi bora chai ya barazani," akasema, "kuliko kuingia sebuleni kwenda kutukanwa."

Nilikaa na neno hilo karibu wiki nzima, kwa sababu hata pesa iko upande wake. Kila mechi timu inayocheza, ukiacha fainali, inaipatia ligi yake mgawo wa takriban dola milioni 2, unaolipwa kwa miaka sita. First Four inahesabika. Kwa SEC hizo ni chenji. Kwa SWAC, ligi ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani weusi anakotoka Alabama State, ushindi mmoja wa Jumanne unazidisha mgawo mara mbili. Ungemuuliza mhasibu wa ligi ile kama anataka sebule au baraza, sina uhakika angenijibu ninachopenda.

Lakini ili Alabama State wacheke, Saint Francis walilia. Ndivyo baraza lilivyopangwa: wanyonge wanalishwa wanyonge wenzao. Saint Francis mara ya mwisho walikuwa wamefika 1991. Walisubiri miaka 34, wakaja na mechi 16 walizoshinda na 17 walizopoteza, wakacheza dakika 40 usiku wa Jumanne, basi. Wiki moja baadaye chuo kikatangaza kwamba kinaondoka daraja la kwanza na kushuka hadi la tatu, kikitaja mambo kama malipo ya wachezaji na uhamaji wao. Wale vijana niliowaona wameketi sakafuni baada ya kikapu cha Knox hawakuigusa Alhamisi.

Kwa hiyo nimefika hapa, na sidai nimefika pazuri. Kama ni lazima ziwe 76, bingwa yeyote wa ligi asicheze Dayton. Ligi ziko 31. Mabingwa 31 waende sebuleni pamoja na waalikwa 21 bora, na waalikwa 24 waliobaki, hao wa nafasi ya tisa na ya kumi na moja kwenye ligi kubwa, ndio wagombee mlango wenyewe kwa wenyewe. Hesabu inakubali, nimeipiga mara nyingi kwenye lebo za maboksi. 76 ya hivyo naiunga mkono, na mgawo wa pili wa SWAC ulipwe kwa njia nyingine. 76 ya baraza lile lile lililopanuliwa, hapana, pamoja na kwamba mimi ni mtoto wa AFCON ya timu 24.

Najua watakayoichagua. Wenye timu nyingi ndio wenye sauti kubwa mezani. Greg Sankey, kamishna wa SEC, amekuwa akitaka jambo hili litazamwe upya tangu 2022, na sijamsikia akiwaombea mabingwa wa ligi ndogo.

## Mezani

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alitandika karatasi kwenye meza ya jikoni akaanza kuchora braketi ya 76. Zile 64 zilikaa vizuri. Alipofika kwenye mechi 12 za mlangoni, karatasi ikaisha. Akaenda kuchukua nyingine, akaiunga pembeni kwa gundi ya karatasi, mistari ikapinda kidogo kwenye kiungo.

"Saint Francis mwakani watakuwepo?"

"Wamebakiwa na msimu mmoja daraja la kwanza. Wakishinda ligi, watakuwepo."

Akawaandika kwa herufi ndogo, kwenye karatasi ya pili, kisha akaweka kidole juu ya kiungo cha gundi.

"Hapa ni ndani au nje?"

Nilikuwa bado natafuta jibu dada alipotokea na sinia la wali, akasema tuondoe makaratasi yetu mezani kabla hakijapoa.